Tiba ya Viungo Nchini Tanzania: Wataalamu Wachache, Masafa Marefu

Mtu apatwapo na kiharusi, avunjikapo mguu, au mtoto azaliwapo na nyayo zilizopinda, jamaa zake huwa na swali moja kubwa: je, atapona? Mara nyingi daktari na wauguzi huweza kulijibu swali hilo katika muda wa siku chache. Lakini liko swali la pili ambalo huchukua miezi, na pengine miaka, kujibiwa: je, ataweza tena kutembea, kulima, kuandika, na kujilisha kwa mkono wake mwenyewe? Taaluma inayoshughulika na swali hilo la pili huitwa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo. Wanafunzi wengi wa shule zetu za sekondari hawajapata kuisikia ikitajwa darasani, ingawa misingi yake imo katika vitabu vya Fizikia na Baiolojia wanavyovisoma kila siku.

Makala hii inakusudia kueleza kwa ufupi tiba hii hufanya nini mwilini, mafunzo yake yalianzaje nchini, na kwa nini wataalamu wake bado ni haba. Ili tusizungumze kwa jumla tu, tutauchukua Mkoa wa Ruvuma, ambao makao yake makuu ni Songea, uwe mfano wetu. Tutaona kwamba uhaba huo haupimwi kwa kuhesabu wataalamu peke yake. Ni lazima kupima pia masafa yaliyopo kati ya mtaalamu na mgonjwa.

Mwili usiotumiwa

Msuli wa binadamu hujijenga kulingana na kazi unayopewa. Ukinyimwa kazi, hupungua. Mtu mzima aliyelazwa kitandani bila kujongea hupoteza nguvu za misuli yake kwa kadiri ya asilimia 1 kila siku, au zaidi ya hapo. Kwa hiyo mgonjwa aliyelala wiki tatu huinuka akiwa dhaifu hata kama ugonjwa wenyewe umekwisha.

Ili kuona maana ya udhaifu huo, na tuutazame mkono kwa jicho la mwanafizikia. Kigasha ni wenzo wa aina ya tatu: egemeo liko kwenye kiwiko, mzigo uko kiganjani, na juhudi, yaani mvuto wa msuli wa mkono wa juu, iko katikati. Tuseme msuli umejishikiza sentimita 4 kutoka kwenye kiwiko, na kiganja kiko sentimita 30 kutoka hapo. Mtu akishika mzigo wa kilo 2, ambao uzito wake ni kama nyutoni 20, msuli hauna budi kuvuta kwa nguvu ya nyutoni 150, yaani mara saba na nusu ya uzito wa mzigo. Hapo hatujahesabu uzito wa mkono wenyewe. Ndiyo sababu mgonjwa aliyepoteza sehemu tu ya nguvu zake hujikuta hawezi kuinua hata kopo la maji.

Viungo navyo vina sharti lao. Goti au kiwiko kisichokunjwa na kukunjuliwa hukakamaa, kwa sababu misuli na kano zinazokizunguka hufupika. Kukakamaa kukishakuwa kwa muda mrefu huwa hakuondoki kwa mazoezi peke yake, na mara nyingine huhitaji upasuaji. Hali hii huonekana kwa watu walioungua moto, kwa waliovunjika mifupa, na kwa watoto wenye mtindio wa ubongo.

Katika kiharusi, hitilafu haiko mguuni wala mkononi bali iko ubongoni. Seli za neva zilizokufa kwa kukosa damu hazifufuki. Hata hivyo, sehemu za ubongo zilizobaki zina uwezo wa kujifunza baadhi ya kazi zilizopotea, kwa sharti kwamba kiungo kinatumiwa, na kwamba tendo lile lile linarudiwa mara nyingi. Mgonjwa hujifunza kushika kijiko kama mtoto ajifunzavyo kuandika herufi, kwa kurudia hadi mkono uzoee. Haba na haba hujaza kibaba.

Jambo hili la kurudia ndilo linaloitofautisha tiba ya viungo na tiba nyingine nyingi. Dawa huweza kupakiwa katika lori na kupelekwa Tunduru, na mashine ya eksirei huweza kununuliwa mara moja. Tiba ya viungo, kwa sehemu kubwa, ni muda wa mtu mwenye ujuzi akiwa karibu na mgonjwa, leo, wiki ijayo, na wiki zinazofuata.

Samaki mkunje angali mbichi

Mfano ulio wazi kabisa ni ule wa mguu kifundo. Katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa, mmoja au wawili huzaliwa na unyayo uliopinda kuelekea ndani na chini. Zamani wengi walipasuliwa, na matokeo hayakuwa mazuri siku zote. Daktari Ignacio Ponseti, mzaliwa wa kisiwa cha Menorca aliyefanya kazi katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, alionyesha kwamba kano za mtoto mchanga ni laini kiasi cha kuweza kunyooshwa pole pole kwa mkono. Unyayo hunyooshwa kidogo, ukafungwa plasta ngumu, na baada ya wiki moja plasta huondolewa, ukanyooshwa tena na kufungwa upya. Kwa kawaida plasta tano hadi saba hutosha. Kisha, kwa watoto walio wengi, kano ya kisigino hukatwa kidogo ili ijiunge upya ikiwa ndefu zaidi. Baada ya hapo mtoto huvaa viatu maalumu vilivyounganishwa kwa kipande cha chuma, karibu muda wote kwa miezi mitatu ya kwanza, na baadaye wakati wa kulala tu hadi afikishe miaka minne hivi.

Vifaa vinavyohitajika si vya gharama kubwa. Kinachohitajika ni mtu aliyefunzwa, na mzazi anayeweza kufika kila wiki. Mtoto aliyetibiwa hivyo hucheza mpira na wenzake, wala hakuna anayejua kwamba alizaliwa na kilema. Asiyetibiwa hukanyagia upande wa mguu maisha yake yote. Methali yetu inayosema samaki mkunje angali mbichi ni kweli tupu katika jambo hili.

Mafunzo yalivyoanza

Fiziotherapia kama taaluma yenye chama na mitihani yake ina umri wa zaidi ya karne moja. Mwaka 1894 wauguzi wanne walianzisha mjini London chama cha wakandaji waliofunzwa, ambacho baadaye kilikuwa chama cha wataalamu wa fiziotherapia cha Uingereza. Vita viwili vikuu vya dunia, pamoja na mlipuko wa ugonjwa wa polio, viliongeza sana haja ya wataalamu hao. Shirikisho la kimataifa la vyama vyao liliundwa mwaka 1951.

Nchini Tanzania, Hospitali ya KCMC iliyofunguliwa Moshi mwaka 1971 ndiyo iliyokuwa kitovu cha mafunzo haya. Stashahada ya miaka mitatu ilianza kufundishwa hapo katika miaka ya 1970. Mwaka 1981 kilianzishwa hapo hapo chuo cha TATCOT, kinachofundisha mafundi wa miguu ya bandia na vifaa vya kusaidia viungo, na ambacho kimepokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Jijini Dar es Salaam, hospitali ya CCBRT ilianza mwaka 1994, na Taasisi ya Mifupa Muhimbili iliundwa kwa sheria ya mwaka 1996. Katika miaka ya karibuni shahada ya kwanza ya fiziotherapia imeanza kutolewa hapa nchini. Kabla ya hapo, mwenye stashahada aliyetaka kuendelea hakuwa na njia ila kwenda nje, na si wote waliokwenda waliorudi.

Msomaji akiichukua ramani ya Tanzania na kutia alama mahali pa taasisi hizo, ataona kwamba alama zote zinaangukia Moshi na Dar es Salaam. Songea iko zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam kwa barabara, na kutoka Moshi ni zaidi ya kilomita 1,000.

Wakati huo huo, magonjwa yenyewe yamebadilika. Polio ya asili haijaonekana Tanzania tangu mwaka 1996. Ugonjwa huo ulipozuka Malawi mwezi Februari 2022, watoto wa mikoa ya mpakani, Ruvuma ikiwemo, walipewa chanjo mara moja. Mahali pa polio pamechukuliwa na kiharusi, kisukari kinachosababisha watu kukatwa miguu, na ajali za pikipiki. Wagonjwa wa aina hizi ni wengi zaidi, na wengi wao ni watu wazima wanaotegemewa na familia.

Hesabu ya mkoa mmoja

Sasa na tufanye hesabu ambayo mwanafunzi yeyote anaweza kuisahihisha. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa Ruvuma ina watu 1,848,794. Kati ya mwaka 2003 na 2006 ulifanyika utafiti wa kiharusi katika wilaya ya Hai na jijini Dar es Salaam, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2010. Ulionyesha kuwa Hai, ambako wakazi wake ni wa vijijini, ilikuwa na wagonjwa wapya wapatao 94 kwa mwaka katika kila watu 100,000. Ikiwa hali ya Ruvuma inakaribiana na hiyo, mkoa huo una wagonjwa wapya wa kiharusi wapatao 1,700 kila mwaka.

Tuseme 1,000 kati yao wanaishi na wanahitaji tiba ya viungo, na kila mmoja anahitaji kuonana na mtaalamu mara 20. Jumla ni mara 20,000. Mtaalamu anayehudumia wagonjwa 10 kwa siku, siku tano kwa wiki, wiki 46 kwa mwaka, huwaona wagonjwa mara 2,300. Tukigawanya, tunapata kwamba wanahitajika wataalamu tisa kwa ajili ya kiharusi peke yake.

Tuongeze mguu kifundo. Kwa kadirio la watoto 35 wanaozaliwa kwa mwaka katika kila watu 1,000, Ruvuma hupata watoto wapatao 65,000. Mmoja kwa elfu ni watoto 65. Kila mmoja akihitaji plasta sita na ukaguzi mara kumi, hiyo ni mara 1,040, au karibu nusu ya kazi ya mtaalamu mmoja. Bado hatujawataja waliovunjika mifupa, waliokatwa miguu, walioanguka kutoka juu ya miembe na mikorosho, walioungua, na watoto wenye mtindio wa ubongo.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika baadhi ya nchi za kipato cha chini na cha kati, wataalamu wote wa utengamao kwa jumla, wakiwemo wale wa fiziotherapia, hawafiki 10 kwa kila watu milioni moja. Kwa kipimo hicho, mkoa wenye watu wengi kama Ruvuma ungekuwa na wataalamu wasiofika 19 wa aina zote. Nusu yao wangemezwa na ugonjwa mmoja tu. Kadhalika, makadirio ya mwaka 2019 yalionyesha kuwa watu bilioni 2.4 duniani, yaani karibu mtu mmoja kati ya watatu, walikuwa na hali ya kiafya ambayo ingefaidika kwa tiba za namna hii.

Masafa

Hesabu hiyo imechukulia kwamba wagonjwa wote wanaishi karibu na hospitali. Sivyo ilivyo. Ruvuma ina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 60,000, kutoka Ziwa Nyasa upande wa magharibi hadi misitu ya Tunduru upande wa mashariki, na kusini inapakana na Msumbiji. Mbinga iko kiasi cha kilomita 100 kutoka Songea, na Tunduru ni zaidi ya kilomita 250. Barabara za lami zimepunguza sana taabu ya safari, lakini hazikuondoa nauli, wala gharama za kulala mjini, wala siku ya kazi inayopotea.

Fikiri habari za mkulima aliyepooza upande mmoja. Hawezi kusafiri peke yake, kwa hiyo nauli ni za watu wawili, kwenda na kurudi. Mvua za Ruvuma ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili. Akiambiwa afike hospitalini kila wiki katika miezi ya kupanda na kupalilia mahindi, anatakiwa kuchagua kati ya mkono wake na chakula cha mwaka mzima cha nyumba yake. Wengi huja mara mbili au tatu, kisha hawaonekani tena. Ni makosa kusema kwamba watu hao ni wazembe. Wamefanya hesabu yao, na kwa hali waliyo nayo wamepata jibu sahihi.

Matatizo ya mafunzo

Ni rahisi kusema kwamba dawa ya uhaba huu ni kufungua vyuo vingi. Hilo ni kweli kwa sehemu tu, kwani mafunzo yenyewe yana matatizo manne yanayofungamana.

La kwanza ni walimu. Chuo cha tiba ya viungo hakiwezi kuendeshwa na madaktari wa fani nyingine peke yao. Chahitaji wataalamu wa fani yenyewe wenye elimu ya juu, na hao ni wachache kwa sababu shahada imechelewa kuanza nchini.

La pili ni mahali pa kufanyia mazoezi. Mwanafunzi hujifunza tiba hii kwa mikono, akisimamiwa na mkubwa wake. Hospitali yenye mtaalamu mmoja aliyeelemewa na kazi haiwezi kupokea wanafunzi kumi. Kwa hiyo wanafunzi hurundikana katika hospitali kubwa chache, nao huzoea vifaa na mazingira ya huko. Wapangiwapo kazi wilayani hujiona kama waliotupwa.

La tatu ni yale yanayofundishwa. Vitabu vingi vya taaluma hii vimeandikwa ng'ambo. Katika nchi nilikosomea, mgonjwa hupimwa kwa kuangalia kama aweza kupanda ngazi, kukaa kwenye kiti, na kuingia garini. Mambo hayo yana maana yake kule. Lakini Mmatengo wa Mbinga analima kwa ngolo, yaani mashimo yanayochimbwa kwenye miteremko mikali ya milima. Anahitaji kupanda mlima, kuinama na jembe kwa saa nyingi, kuchuchumaa chooni, kuketi mkekani, na kubeba mzigo kichwani. Mgonjwa aliyefaulu vipimo vya kitabuni na bado hawezi kuchuchumaa hajapona kwa mujibu wa maisha yake. Vipimo vya namna hiyo hatuna budi kuvitunga wenyewe, na hiyo ni kazi ya utafiti inayowangoja vijana wetu.

La nne ni nafasi za kazi. Jambo la kushangaza ni kwamba uhaba wa wataalamu na ukosefu wa ajira huweza kuwapo pamoja. Mtaalamu huajiriwa pale penye nafasi iliyoidhinishwa na yenye fungu la mshahara. Pasipo nafasi hiyo, mhitimu hubaki mjini akitafuta kazi, na mgonjwa hubaki kijijini akitafuta mtaalamu.

Njia zinazowezekana

Mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978 ulisisitiza huduma ya msingi ya afya iliyo karibu na wananchi. Kutokana na fikra hiyo Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 1989 kitabu cha kuifundisha jamii namna ya kuwasaidia watu wenye ulemavu nyumbani kwao. Fikra hiyo bado inafaa, ila isieleweke vibaya. Mhudumu wa kijiji hachukui nafasi ya mtaalamu. Yeye hurefusha mkono wa mtaalamu.

Mkunga wa zahanati anaweza kuzitazama nyayo za kila mtoto anayezaliwa, na kumpeleka mwenye mguu kifundo katika wiki ya kwanza. Kazi hiyo huchukua nusu dakika. Muuguzi anaweza kumgeuza na kumketisha mgonjwa wa kiharusi tangu siku za mwanzo ili viungo visikakamae. Mke, mume au mtoto wa mgonjwa anaweza kufundishwa mazoezi matatu au manne ya kufanya nyumbani kila siku. Mtaalamu naye anaweza kupanga siku maalumu za kuzuru wilaya, badala ya kuwangoja wagonjwa makao makuu, na simu ya mkononi humwezesha kufuatilia katikati ya ziara. Kwa njia hii safari 20 za mgonjwa huenda zikapungua zikawa sita.

Kuhusu mafunzo, kusini mwa nchi kuna hospitali kongwe zinazoweza kulea wanafunzi, iwapo zitapewa wasimamizi wa kutosha. Iko hospitali ya mkoa Songea, na iko hospitali ya misheni ya Peramiho, kiasi cha kilomita 25 kutoka mjini. Uzoefu wa nchi nyingi unaonyesha kwamba mwanafunzi aliyetoka kijijini, na aliyefanya mazoezi yake kijijini, ana uelekeo mkubwa zaidi wa kukubali kufanya kazi huko. Kijana wa Namtumbo anayefahamu lugha na desturi za wagonjwa wake haoni kwamba amehamishwa. Amerudi kwao.

Wajibu wa shule zetu

Hapa ndipo mwalimu wa sekondari anapoingia. Mwanafunzi wa kidato cha nne akiulizwa ataka kuwa nani katika idara ya afya, hujibu daktari au muuguzi, kwa sababu hajui kingine. Mlango wa stashahada ya fiziotherapia ni ufaulu katika Baiolojia, Kemia na Fizikia. Shule isiyo na mwalimu wa Fizikia, basi, imeufunga mlango huo kabla mwanafunzi hajaujua kwamba upo, na athari yake itaonekana miaka kumi baadaye katika wodi za wilaya hiyo hiyo.

Walimu wanaweza kuanza na mambo madogo. Somo la nyenzo lifundishwe kwa mkono wa mwanafunzi mwenyewe, wala si kwa toroli peke yake. Somo la neva liambatane na maelezo ya kiharusi. Klabu ya sayansi inaweza kupima ni sekunde ngapi mtu huchukua kuketi mkekani na kusimama mara tano, kwa vijana na kwa wazee wa mtaa wao walioridhia, na kuchora grafu ya matokeo. Zoezi hilo halihitaji maabara. Litawaonyesha wanafunzi jinsi nguvu za mwili zinavyobadilika kwa umri na kazi, na huenda likampata mmoja wao atakayeamua kuifanya elimu hiyo kuwa kazi yake.

Mkoa wa watu milioni 1.8 hauhitaji maelfu ya wataalamu wa viungo. Kwa hesabu tuliyoifanya, hata makumi machache, waliosambazwa Songea, Mbinga, Nyasa, Namtumbo na Tunduru, na wenye wasaidizi waliofunzwa katika zahanati, wangebadilisha maisha ya wengi. Baadhi ya hao makumi wamo madarasani hivi sasa.